Waraka wa wazi kwa Mkuu wa Vipindi, Redio ya Taifa

Ndugu Mkuu wa Vipindi,

Shemeji yangu ni askari. Alipokuwa Beni, mashariki ya Kongo, na kikosi chetu cha kulinda amani, alipiga simu alfajiri moja dada akikoroga uji. Salamu hazijaisha akasikia redio. "Hebu sogeza simu hapo." Yalikuwa matangazo ya vifo, ya watu asiowajua, kisha bei ya mahindi. Akasikiliza mpaka vocha ikamwishia.

Kwa hiyo siku mkiwaandalia kipindi askari walioko nje, nawasihi msianze na matarumbeta na hotuba.

Kuna mtu aliyelijua hilo zamani. Mwaka 1965 sajini wa jeshi la anga la Marekani, Adrian Cronauer, alipelekwa Saigon, Vietnam, wakati wa vita, akawa anaendesha kipindi cha alfajiri cha redio ya jeshi. Salamu yake ya kuwaamkia askari walioko Vietnam, aliyoivuta kama mwadhini, ilikuja kutengenezewa filamu mwaka 1987. Humo wamemfanya mtukutu asiyemsikia mkuu yeyote. Mwenyewe alicheka: angefanya hata nusu ya vituko vile, alisema, angefungwa jela ya jeshi. Alichotaka ni redio ile isikike kama stesheni ya kwao Marekani, ili kijana aliyetupwa ugenini apate sauti aliyoizoea. Basi akapiga muziki uliokuwa ukivuma nyumbani, akachomekea mzaha hapa na pale. Habari zilikaguliwa na wakubwa, muziki ukapita.

Baadaye alisimulia kwamba askari waliokuwa porini waliijibu salamu yake kwa matusi, wakiielekea redio. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Hotuba ya jenerali huitukani. Redio ya nyumbani unaitukana ukiwa umevaa kandambili.

Ombi langu ni dogo. Nusu saa ya alfajiri, isiyo na mgeni rasmi. Mtangazaji ataje saa, aseme Simba na Yanga wametoka ngapi, asome salamu za akina mama kama zilivyoandikwa, hata ile inayomkumbusha Baba Asha deni la duka. Akikosea jina, msikate.

Shemeji amesharudi, yuko Dodoma. Siku hizi matangazo ya vifo yakianza, anazima redio.

Wasalaam,
Msikilizaji wenu