Lubumbashi: Kunyamazisha moteri inayogonga si kuitengeneza

Katika garaji za kando ya barabara mjini Lubumbashi, kutoka Kenya na Katuba hadi Kampemba, kuna dawa moja ambayo hupewa magari mengi yanayolia tik-tik-tik: mafuta mazito. Fundi anafungua kifuniko cha moteri, anamwaga bidoni ya 20W-50, mara nyingine anaongeza kichupa cha dawa inayovutika kama asali. Kelele inapungua. Shofere analipa, anarudi barabarani kutafuta abiria. Fundi na shofere wote wameridhika, lakini hakuna aliyejua kelele ile ilitoka wapi.

Desturi hiyo inapaswa kukoma. Mafundi wa Lubumbashi si wajinga. Wengi wana masikio mazuri kuliko mashine. Tatizo ni kwamba mteja analipia ukimya, halipii jibu. Na moteri iliyonyamazishwa bila kupimwa inaendelea kuharibika, sasa bila kutoa onyo.

Hakuna ugonjwa mmoja unaoitwa "moteri inagonga". Kuna magonjwa kadhaa yenye sauti zinazofanana, na kila moja lina gharama yake.

La kwanza ndilo rahisi zaidi: mafuta yamepungua. Chukua Toyota IST ya lita 1.5. Moteri yake inabeba mafuta lita 3.7 hivi, pamoja na filtre. Ikivuja au kuchoma lita moja na nusu, imebaki na zaidi kidogo ya nusu, na sehemu za juu, zinazofungua na kufunga supape, ndizo za kwanza kulia njaa. Kulijua hilo hakuhitaji hata faranga moja. Gari lisimame mahali pa tambarare, moteri izimwe, zipite dakika chache, kisha kijiti kivutwe, kifutwe, kirudishwe na kusomwa. Fundi anayeshika ufunguo kabla ya kushika kijiti ameanza vibaya.

La pili ni nafasi ya supape. Katika moteri hiyohiyo ya IST, nafasi inayotakiwa ikiwa baridi ni milimita 0.15 hadi 0.25 upande wa kuingiza hewa, na 0.25 hadi 0.35 upande wa kutoa moshi. Nafasi ikipanuka, chuma kinapiga chuma, sauti nyepesi na ya haraka, kama cherehani. Hapa ndipo mafuta mazito yanapodanganya watu. Moteri hiyo haina visukumizi vinavyojirekebisha kwa nguvu ya mafuta. Nafasi inapimwa kwa vibati vyembamba na kurekebishwa kwa kubadilisha vikombe vya chuma vilivyo juu ya supape. Mafuta mazito yanaweza kufunika sauti, lakini hakuna bidoni inayorudisha milimita iliyopotea.

Moteri nyingine zina visukumizi vinavyojazwa mafuta. Hivyo vikiziba kwa uchafu, vinagonga hasa asubuhi. Dawa yake mara nyingi ni ya bei ndogo: kumwaga mafuta machafu, kuweka filtre mpya na mafuta ya uzito ulioandikwa na kiwanda. Kumwaga mafuta mazito juu ya uchafu ni kuongeza uji ndani ya mfereji ulioziba.

La tatu linawachanganya hata mafundi wazoefu: moshi unaovuja pale bomba la moshi linapoungana na moteri. Unatoa sauti kama ya supape, kali wakati moteri ni baridi, kisha inapotea chuma kikipata moto na kupanuka. Alama yake ni masizi meusi kwenye jointi. Kuna watu waliofunguliwa moteri nzima kwa kasoro ambayo ingemalizwa na jointi moja na nati mbili. Tena, si kila tik-tik ni ugonjwa: injekta za esansi nazo hulia kidogo zikifanya kazi yake. Kufungua moteri nzima kwa ajili ya injekta ni kuharibu jointi bure.

La nne ndilo la kuogopwa: kusine za biele zimekwisha. Sauti hii ni nzito, inatoka chini, na inaongezeka gari likipanda mlima au likibeba watu wengi. Fundi akikata moto wa buji moja baada ya nyingine, na kelele ikabadilika sana kwenye silinda moja, amepata mahali. Gari la namna hiyo halipaswi kutoka garaji. Kulipeleka Kasumbalesa, kilomita 90 hivi, au Likasi, kilomita 120 hivi, ni kukubali kukwama usiku katikati ya malori ya madini, abiria wakiwa ndani.

Wanaotetea mafuta mazito wana hoja. Katika moteri iliyochakaa kweli, mafuta mazito kidogo husaidia kushika shinikizo, na mwenye gari asiye na pesa za moteri nyingine anaweza kuchagua njia hiyo akijua anachofanya. Hilo ni haki yake. Lakini ni uamuzi wa mwisho, baada ya kupima. Tena Lubumbashi si mji wa joto la mwaka mzima. Mji uko juu, kwenye mita 1,200 hivi, na asubuhi za Juni na Julai baridi huweza kushuka chini ya digrii 10. Katika baridi hiyo mafuta mazito hupanda polepole, na sehemu za juu zinasaga kavu katika sekunde zile za kwanza. Dawa ya kelele inakuwa chanzo cha kelele.

Kuna pia suala la pesa, na hapa lawama isiangukie fundi peke yake. Shofere wa taksi anadaiwa versement kila jioni. Akisimamisha gari nusu siku ili supape zipimwe, mwenye gari hapunguzi kitu. Basi anaongeza sauti ya redio na kuendelea. Moteri ikifa, mwenye gari anamfukuza, anamwita mwizi wa mafuta. Ukweli ni kwamba mpango huo ndio ulioua moteri. Anayepokea versement kila siku ajue kwamba mafuta, filtre na saa mbili za garaji ni sehemu ya biashara yake, si adhabu ya shofere.

Wanunuzi nao wajilinde. Magari mengi yanayoingia Katanga yalitumika kwanza Japani, yakapita bandari za Dar es Salaam au Durban, yakavuka Zambia hadi Kasumbalesa. Hesabu ya kilomita kwenye dashibodi huweza kurudishwa nyuma. Moteri baridi ni vigumu zaidi kuidanganya. Mnunuzi afike asubuhi, aweke mkono juu ya moteri kabla haijawashwa. Ikiwa tayari ina moto, aulize kwa nini, au arudi kesho yake. Akivuta kijiti na kukuta mafuta mazito kama gundi, ajue kuna sauti iliyofichwa.

Mabadiliko yanayotakiwa hayangojei serikali. Mwenye gari amwambie fundi jambo moja kabla ya kazi: "Papa fundi, kwanza nionyeshe sauti inatoka wapi." Fundi ajibu kwa kutaja sehemu na kuonyesha alichopima, naye alipwe kwa kupima hata kama hakubadilisha kitu. Kazi ya sikio na vibati ni kazi, na anayekataa kuilipia asishangae akiuziwa bidoni. Na taa nyekundu ya mafuta ikiwaka, shofere azime moteri palepale, hata kama abiria wanapiga kelele. Kelele yao itaisha akiwarudishia faranga zao. Moteri iliyokwisha haisikii maombi.