SANTURI ZA MWAKA 1971: IPI INASTAHILI KITI CHA MBELE?

Penye wapenzi watatu wa muziki na birika moja la chai hapakosi ubishi. Huyu atashika lake, yule atashika lake, na wa tatu atatoa hukumu isiyokubaliwa na yeyote. Miongoni mwa mabishano ya namna hiyo, mojawapo lililodumu sana katika nchi za Marekani na Uingereza ni lile la mwaka 1971: katika albamu zote zilizotoka mwaka ule, yaani santuri kubwa za nyimbo nyingi, ni ipi iliyokuwa bora?

Mwandishi Mwingereza David Hepworth alitoa kitabu kizima mwaka 2016 ili kuthibitisha kwamba hapana mwaka uliopata kuushinda huo. Mwaka 2021 ikafuata filamu ya televisheni yenye sehemu 8 juu ya jambo hilo hilo. Wanaompinga Hepworth wana jibu jepesi: yeye alizaliwa mwaka 1950, kwa hiyo alitimiza miaka 21 katika mwaka ule ule anaousifu, na ni nani asiyeona kwamba nyimbo za ujana wake ndizo nyimbo za kweli? Hoja hiyo ina nguvu, walakini haitoshi. Ujana wa mtu hauwezi kuzibuni santuri zenyewe. Santuri zipo, na kila mwenye masikio aweza kuzisikiliza akapima.

Yafaa msomaji akumbuke hali ilivyokuwa. Kundi la Beatles lilikuwa limekwisha kuvunjika. Siku ya mwisho ya mwaka 1970 Paul McCartney alifungua mashtaka mjini London ili ushirika wao ukatwe kwa sheria. Jimi Hendrix na Janis Joplin walikuwa wamefariki mwaka huo huo. Kiti cha enzi kilikuwa kitupu. Tena, namna ya kuuza muziki ilikuwa ikibadilika. Zamani kampuni nyingi zilitegemea santuri ndogo yenye wimbo mmoja kila upande, na santuri kubwa ilikuwa kama kapu la kukusanyia nyimbo zilizokwisha kuuzwa, pamoja na nyingine za kujazia nafasi tu. Sasa wanamuziki walianza kuitunga santuri kubwa kama mtu atungavyo kitabu.

Wanaohukumu kwa mauzo hawana shida. Wao huitaja Tapestry ya Carole King, iliyotoka mwezi Februari 1971, kisha hunyamaza wakingoja kuona nani atathubutu kujibu. Albamu hiyo ilikaa juu kabisa ya orodha ya mauzo ya Marekani kwa majuma 15 mfululizo, na ikaendelea kuonekana katika orodha hiyo kwa zaidi ya majuma 300. Mwezi Machi 1972 ilipewa tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka, na bibi huyo akatunukiwa tuzo 4 kwa jumla. Hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Tangu mwaka 1960, akiwa msichana wa miaka 18, yeye na mumewe wa kwanza, Gerry Goffin, waliwatungia watu wengine nyimbo zilizovuma. Ndoa ilipovunjika, mama huyo wa binti wawili alihamia Los Angeles, akaketi kwenye piano, akaanza kuimba mwenyewe. Sauti yake si ya kutikisa ukuta. Ni sauti ya jirani aliyeingia kuazima chumvi akabaki kuzungumza. Kwenye jalada ameketi dirishani, miguu mitupu, na paka wake mbele yake. Hakuna pambo lolote, na ndiyo sababu nyumba nyingi zilimkaribisha.

Vijana wa gitaa la umeme hawataki kusikia hayo. Kwao wao mwaka 1971 ni albamu ya nne ya Led Zeppelin, iliyotoka tarehe 8 Novemba bila jina la kundi wala jina la albamu kwenye jalada lake, ila picha ya mzee aliyepinda mgongo kwa mzigo wa fito. (Mwaka 2023 iligunduliwa nchini Uingereza kwamba mzee yule alikuwa mwezekaji wa mapaa wa Wiltshire katika karne ya 19. Maskini, hakujua kwamba mzigo wake ungetazamwa na mamilioni.) Wimbo wa mwisho wa albamu hiyo wausifu mafundi mpaka leo. Ngoma za John Bonham ziliwekwa chini ya ngazi ya nyumba kuukuu iitwayo Headley Grange, maikrofoni zikaning'inizwa juu, na mwangwi wa jengo ukafanya kazi ambayo mitambo haikuweza. Wimbo wenyewe ni wa zamani: waliourekodi kwanza, mwaka 1929, ni Wamarekani weusi wawili, Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie, wakikumbuka mafuriko ya mto Mississippi ya mwaka 1927. Ni santuri ya kishindo, na kishindo chake ni cha haki. Lakini ikisha kumalizika, msikilizaji hujikuta ametikiswa bila kujua ameambiwa nini.

Wapo wachache, wengi wao wakiwa watunzi, wanaoishikilia Blue ya Joni Mitchell, mwanamke wa Kanada, iliyotoka mwezi Juni. Ilirekodiwa katika studio zile zile za A&M mjini Los Angeles ilimotengenezwa Tapestry, na James Taylor alipiga gitaa katika zote mbili. Mmoja wa nyimbo zake kumi wahusu binti ambaye Mitchell alimzaa mwaka 1965 akiwa kijana asiye na fedha, akamtoa alelewe na watu wengine. Mwaka 1971 wasikilizaji hawakujua siri hiyo. Mama na binti walionana tena mwaka 1997. Anayeusikia wimbo huo sasa, akijua, hupata shida kuurudia.

Pamoja na hayo yote, mizani ya haki huilalia What's Going On ya Marvin Gaye, iliyotolewa tarehe 21 Mei 1971. Wasomaji wanaovaa sare, na walio nyumbani wakiwasubiri wenye sare, wana sababu ya pekee ya kuijua, kwani ilizaliwa kati ya askari, polisi na jamaa zao.

Mbegu ya kwanza ilitoka kwa Renaldo Benson wa kundi la Four Tops. Mwezi Mei 1969 aliona polisi wakipambana na vijana katika mji wa Berkeley, California, kwa ajili ya kiwanja kilichoitwa People's Park. Alijiuliza kulikoni. Akishirikiana na mtunzi Al Cleveland aliligeuza swali lile kuwa wimbo, lakini wenzake wa Four Tops walikataa kuuimba wakisema ni wimbo wa maandamano. Ndipo akampelekea Marvin Gaye. Marvin wakati huo alikuwa mtu wa majonzi. Tammi Terrell, aliyekuwa akiimba naye nyimbo za mapenzi, alikuwa amefariki mwezi Machi 1970 kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na miaka 24 tu. Tena mdogo wake, Frankie, alikuwa amerudi kutoka vita vya Vietnam. Barua za Frankie, na masimulizi yake aliporudi, yalimliza kaka yake. Marvin aliona aibu kuendelea kuimba mapenzi matupu ilhali watoto wa nyumba moja wanarudi wamebadilika, hawana kazi, na mitaa waliyoiacha siyo waliyoikuta.

Basi akaubadilisha wimbo, akauongeza maneno yake, akauimba kwa nafsi ya askari aliyerejea akitazama nchi yake mwenyewe. Anayeusikiliza kwa makini ataona kwamba hautukani mtu. Mwimbaji anamwita mama, anamwita ndugu, anamwita baba. Anauliza na kusihi. Hata anapowataja waandamanaji na wale wanaowakabili, hasemi kama adui, bali kama mtu wa ukoo anayeingilia ugomvi wa nyumbani kabla haujafika pabaya. Hilo ndilo lililoufanya wimbo uishi. Nyimbo za siasa za miaka ile zilizojaa hasira zilikwisha pamoja na hasira yenyewe.

Hata hivyo santuri hiyo ilikaribia kutozaliwa. Mwenye kampuni ya Motown, Berry Gordy, aliupinga wimbo. Naye hakuwa bwana mkubwa wa mbali: alikuwa shemeji wa Marvin, kwani Marvin alimwoa Anna Gordy, dada yake. Kabla ya kuanzisha kampuni yake Gordy aliwahi kuwa mfanyakazi wa kiwanda cha magari mjini Detroit, na aliiendesha Motown kwa mpango wa kiwanda: kila mtu na kazi yake, na mali inayotoka iwe ile inayojulikana sokoni. Wimbo wa vita na polisi, kwa maoni yake, ungemharibia mwimbaji kipenzi cha akina dada. Marvin akajibu kwa mgomo: hatarekodi kitu kingine mpaka wimbo utoke. Hatimaye santuri ndogo ilitolewa mwezi Januari 1971, ikanunuliwa kwa wingi mno, ikafika nafasi ya 2 katika orodha kuu ya Marekani. Gordy, ambaye alikuwa mfanya biashara hodari, alibadili nia mara moja akaitaka albamu nzima, tena upesi. Sehemu kubwa ilirekodiwa mwezi Machi katika muda wa siku kama kumi.

Haraka hiyo haisikiki. Nyimbo ni 9, jumla ya dakika 35 hivi, na katika upande wa kwanza hapana kimya kati ya wimbo na wimbo. Mmoja humkabidhi mwenzake kama zamu za ulinzi zinavyokabidhiana. Askari aliyerudi huuliza habari za mtaani na za kazi. Mwingine ametumbukia katika dawa za kulevya. Wafuata watoto, mbingu na bahari zilizochafuliwa, kodi na bei zisizokamatika, na mwisho kabisa sauti ya wimbo wa kwanza hurudi kwa mbali. Mambo mengine yalikuja kwa bahati. Sauti ya Marvin inayosikika kama watu wawili ilitokea pale fundi wa studio alipozipiga kwa pamoja rekodi mbili zilizokusudiwa kuchaguliwa moja. Sauti za watu wanaosalimiana mwanzoni zimo za wachezaji wawili wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Detroit Lions, Mel Farr na Lem Barney, rafiki zake. Na kwa mara ya kwanza katika santuri ya Motown, majina ya wapigaji ala yaliandikwa kwenye jalada. Kwa miaka mingi mabwana wale, akiwemo James Jamerson wa gitaa la besi, walikuwa wamezipamba nyimbo za wengine bila kutajwa. Jambo hilo dogo latosha kuipa albamu alama ya ziada.

Sly Stone aliijibu kabla ya mwaka kwisha, kama isemwavyo, kwa albamu ya There's a Riot Goin' On: giza, uchovu, ngoma za mashine, swali la mwenzake likijibiwa kwa ghasia. Hiyo nayo ina watetezi, na wana haki ya kusikilizwa siku nyingine.

Ubishi huu una kasoro, nayo ni kwamba washindani karibu wote huimba Kiingereza. Mwaka huo huo Chico Buarque alitoa Construção nchini Brazil chini ya macho ya serikali ya kijeshi, na mwanangoma Ginger Baker alikuwa akirekodi na Fela wa Nigeria mjini London. Katika Afrika Mashariki ya siku zile santuri ndogo ndiyo iliyotawala, na hapakuwa na albamu nyingi za kupeleka shindanoni hata kama pangekuwa na waamuzi wa kuzisikiliza.

Waamuzi wenyewe hawakuwa na macho makali. Kamati ya Grammy haikuiingiza What's Going On hata kati ya albamu 5 zilizoshindania tuzo kuu, na Marvin Gaye alingoja mpaka mwaka 1983 kupata Grammy yake ya kwanza. Wahakiki waliopigishwa kura na gazeti la Village Voice la New York mwishoni mwa 1971 waliichagua Who's Next, ya Waingereza wa The Who. Lakini jarida la Rolling Stone lilipopanga albamu 500 bora za nyakati zote mwaka 2003, albamu ya Marvin ilikuwa ya 6, na kura zilipopigwa upya mwaka 2020 na wapiga kura wengine, ikawa ya kwanza. Blue ilipanda kutoka nafasi ya 30 hadi ya 3, na Tapestry kutoka ya 36 hadi ya 25.

Marvin hakuishi kuyaona hayo. Tarehe 1 Aprili 1984, siku moja kabla ya kutimiza miaka 45, alipigwa risasi nyumbani kwao Los Angeles na baba yake mzazi, mhubiri, kwa bastola ambayo Marvin mwenyewe alikuwa amempa. Baba huyo ndiye anayeombwa katika wimbo kwamba ugomvi usizidishwe.

Wapenzi wa Tapestry bado wanayo majuma yao 15, wala hapana awezaye kuwanyang'anya; albamu ya Marvin haikupanda kupita nafasi ya 6 katika orodha ile ile. Mwaka 2003 Maktaba ya Bunge la Marekani iliziingiza zote mbili katika hazina yake ya sauti za taifa, wala haikusema ipi ni ya kwanza.