Udugu wa Mshahara

Kuna neno moja linalotumika mno siku hizi katika kampuni zinazotunga programu za kompyuta, nalo ni neno familia. Siku ya kwanza ya kazi kijana huambiwa, "Karibu katika familia yetu." Akikesha kazini, husifiwa kuwa ni mtoto mwema wa familia. Akiuliza ujira wake utaongezwa lini, huulizwa tangu lini ndugu wakahesabiana shilingi. Na siku kampuni ipungukiwapo na fedha, yeye hupokea barua ya mistari michache inayomwarifu kuwa tangu saa ile amekuwa mtu wa nje. Kusudi la makala haya ni kulipinga neno hilo. Nathubutu kusema kuwa kampuni si familia, na kuwa mengi wayachukiayo wafanyakazi wa kampuni ya programu inayokua yametokana na kutakiwa waamini kuwa ni familia.

Wasomaji wa jarida hili ni watu wa lugha, kwa hiyo na tuanze na lugha. Sisi tuna jamaa, tuna ukoo, tuna mlango, tuna aila. Kila neno katika hayo lina haki na wajibu wake: jamaa hulishana, ukoo huzikana, mlango hurithiana. Mtu akikuita jamaa yake mbele ya watu, umepata mahali pa kudai. Wenye kampuni hawakuchagua hata moja katika maneno hayo. Walichagua neno la kuazima, nalo likawafaa sana, maana limekuja na utamu wake bila ya madeni yake.

Siyaneni haya kwa kusikia. Nilifanya kazi miaka saba katika kampuni ya namna hiyo Dar es Salaam. Niliingia tukiwa watu 9 katika vyumba viwili juu ya duka la vipuri vya magari. Nilitoka tukiwa 120 katika jengo la vioo lenye lifti. Jina la kampuni sitalitaja, kwa kuwa nia yangu si kumshitaki mtu, na hoja yangu haihitaji jina hilo.

Haki yataka niseme kwanza yale tuliyoyapenda, kwani msema kweli hafichi neema. Tuliipenda kazi yenyewe. Mtunga programu ana furaha isiyo ya mafundi wengi: asubuhi hana kitu ila wazo, na jioni muuza duka aliye Mwanza analitumia wazo lile kuhesabu magunia yake. Tangu kutuma fedha kwa simu kulipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, watu wa kwetu wameona kwa macho yao jinsi programu inavyoweza kuingia hata katika kibanda cha muuza mchicha, na sisi tulijiona tu katika kazi hiyo. Tulipenda elimu pia. Mwanagenzi alikaa ubavuni kwa fundi, akasoma kazi yake mstari kwa mstari, akakosolewa bila ya kutahayarishwa. Tulipenda uhuru, kwani hakuna aliyetuuliza tumefika saa ngapi maadam kazi imefika. Na zaidi ya yote tulipenda kusikilizwa. Mkubwa wetu aliketi meza moja nasi. Aliyeona kosa alilisema, na kosa likaondolewa siku ile ile.

Ndipo kampuni ilipokua. Wapo wadhanio kuwa kukua ni kuongeza viti tu. La hasha. Mwaka 1975 Fred Brooks, aliyewahi kusimamia kazi kubwa ya programu katika kampuni ya IBM, alitoa kitabu chake kiitwacho The Mythical Man-Month, akaonyesha kuwa kuongeza watu katika kazi ya programu iliyochelewa huizidisha kuchelewa. Hesabu yake ni nyepesi. Watu 9 wakitaka kila mmoja aelewane na kila mwenziwe, njia za maelewano ni 36. Watu 120 wakitaka vivyo hivyo, njia ni 7,140. Hapana kinywa kiwezacho kuzipita njia zote hizo. Kwa sababu hiyo huja vikao, huja vyeo, huja wasimamizi na wasimamizi wa wasimamizi. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama; na Melvin Conway alikwisha kueleza mwaka 1968 kuwa watu wabunio mfumo huishia kubuni mfumo uliofanana na njia zao za kuzungumza. Basi watu wasiposemezana, hata programu zao hazisemezani.

Lakini mimi silaumu kukua. Mtoto akikua nguo humbana, na hilo si kosa la mtoto wala la nguo. Lawama yangu ni kwamba wakubwa huendelea kutawala watu 120 kwa lugha ya watu 9. Udugu uliokuwa kweli mezani pa watu tisa hugeuzwa kuwa sheria isiyoandikwa ya watu mia na ishirini. Na sheria isiyoandikwa humfaa yule tu aliye na uwezo wa kuifasiri.

Tazama mishahara. Tulipokuwa tisa kila mmoja alijua mwenziwe apata nini. Tulipozidi, mshahara ukawa siri, na kila mtu akapatana peke yake nyuma ya mlango. Siku moja karatasi ilisahauliwa juu ya mashine ya kuchapa, na dada mmoja aliyekuwa nasi tangu mwanzo akaisoma kabla ya kujua ni nini. Akakuta kuwa kijana aliyemfundisha kazi miezi mitatu iliyopita alikuwa akilipwa karibu mara mbili ya ujira wake. Hakupiga kelele. Aliirudisha karatasi mahali pake, na tangu siku ile hakumfundisha mtu. Yasemwa mgeni njoo mwenyeji apone. Kwetu mgeni alikuja, na mwenyeji akaugua.

Tazama saa za kazi. Programu hailali, na wauza duka hawangoji asubuhi, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuamshwa usiku hitilafu itokeapo. Hilo ni jambo la haki. Lisilo haki ni kuliita kujitolea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 iliweka mpaka wa saa 45 za kawaida kwa juma na saa 9 kwa siku. Ikataka saa za ziada zilipwe mara moja na nusu na zisipite 50 katika majuma manne. Ikataka kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi iongezewe asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Sheria hiyo iliwatoa katika vifungu vya saa wale wanaosimamia wafanyakazi wengine na kuwajibika moja kwa moja kwa wakuu. Basi haikosi kuonekana hila katika kampuni zinazogawa vyeo kama karanga za harusini, ambamo kila kijana ni kiongozi wa jambo fulani hali hana amwongozaye. Wala si ugonjwa wa kwetu peke yetu. Mwaka 2004 mwenzi wa mfanyakazi wa Electronic Arts, kampuni ya Marekani itungayo michezo ya kompyuta, aliandika waraka wa wazi kueleza jinsi kazi isiyo na siku ya mapumziko ilivyokuwa ikimmaliza mwenziwe. Na mashitaka ya wafanyakazi yalipokwisha, kampuni ilikuwa imekubali kulipa mamilioni ya dola.

Hapa lazima nikiri jambo. Katika mwaka wangu wa tano nilifanywa mkuu wa kikundi. Kijana mmoja aliyekuwa chini yangu aliamshwa usiku mara kumi na moja katika mwezi mmoja, akaja kuniuliza kama kuna malipo yake. Nilimwambia, "Sisi ni familia, bwana mdogo, ndugu hawahesabiani." Akainama, akasema, "Sawa, kaka," asiulize tena. Baada ya miezi minne aliondoka. Sikuwa mtu mbaya, wala sikudhani kuwa nadhulumu. Neno lile lilinijia kinywani tayari, kama vile nilivyoambiwa mimi, na kwa kulisema nikaokoa fedha isiyokuwa yangu kwa jasho lisilokuwa langu.

Tazama tena hisa. Kampuni inayokua haina fedha nyingi, kwa hiyo huahidi hisa. Desturi iliyoenea ni kuwa hisa huiva kwa miaka minne, na atokaye kabla ya mwaka wa kwanza kwisha hapati kitu. Si desturi mbaya yenyewe. Microsoft ilipouza hisa zake hadharani mwaka 1986, wengi katika wafanyakazi wake wa awali walitajirika. Lakini katika kampuni hiyo hiyo walikuwamo watu waliofanya kazi miaka mingi kwa jina la vibarua, bila ya manufaa ya wenzao. Nao walishitaki mwaka 1992, na shauri likamalizwa kwa mapatano ya dola milioni 97 mwaka 2000. Meza ilikuwa moja, kazi moja, mlango mmoja wa kuingilia. Ndugu wakawa wa namna mbili. Kwetu hatukuambiwa hata kuwa wawekezaji aghalabu hulipwa kwanza kampuni iuzwapo, na kuwa kampuni isipouzwa hisa hubaki karatasi. Ahadi ni deni, lakini deni lisiloeleweka na mdai si deni, ni chambo.

Na mwisho tazama kuachishwa. Novemba 2022 kampuni ya Meta ilitangaza kuwaondoa watu zaidi ya 11,000. Januari 2023 Google ikatangaza 12,000, na wengi wao walipata habari kwa barua pepe. Karibu nasi, Andela, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa sifa ya kuwafunza vijana wa Afrika kutunga programu, ilitangaza Septemba 2019 kuwaachisha takriban 400 katika Nigeria, Uganda na Kenya, ikieleza kuwa soko lilitaka mafundi wazoefu kuliko wanagenzi. Sisemi kuwa kampuni haina haki ya kupunguza watu. Biashara hupanda na kushuka. Nasema tu kuwa familia haimtoi mtoto nje mwaka wa ukame kwa sababu soko linataka watu wazima.

Najua majibu nitakayopewa. Wa kwanza watasema, "Hawa hulipwa kuliko mwalimu na muuguzi, wana nini cha kulalamikia?" Ni kweli kuwa wengi wao hulipwa vizuri. Lakini haki ya mtu haipimwi kwa umaskini wa jirani yake. Ikiwa mwalimu amedhulumiwa, dawa yake si kumdhulumu na mtunga programu wapate kulingana.

Wa pili watasema, "Asiyependa na aondoke." Huondoka kweli, na huanza walio bora. Lakini aondokaye huchukua kichwani maarifa ambayo hakupata siku ya kuyaandika, na wabakiao hurithi kazi wasiyoielewa, hukesha zaidi, nao huondoka. Hasara hiyo haionekani katika vitabu vya mhasibu, walakini mteja huiona.

Wa tatu ndio wenye hoja nzito. Watasema, "Ukiondoa udugu, utaua moyo wa kazi, watabaki watu wa kuhesabu saa." Nawajibu kwa desturi za pwani. Wavuvi wa jahazi hulala ubao mmoja, hula sinia moja, na dhoruba ikija maisha ya mmoja yamo mikononi mwa mwenziwe. Je, yuko udugu wa kazi upitao huo? Nao kabla ya kutweka tanga hujua fungu la chombo ni lipi, la nahodha ni lipi, la baharia ni lipi. Hesabu haikuua udugu wao, ndiyo iliyoulinda. Hata ndugu wa damu, Mwislamu akifa, hugawana mirathi kwa mafungu yaliyoandikwa, wala hapana asemaye kuwa mafungu yale yamevunja ukoo. Yanayovunja koo ni mali zilizogawanywa gizani.

Wala si kweli kuwa kampuni haiwezi kukua ila kwa kukesha. SAS, iliyoanzishwa mwaka 1976 katika jimbo la North Carolina, ilisifika miaka mingi kwa juma la kazi la saa 35, zahanati yake na malezi ya watoto wa wafanyakazi, huku ikifikia maelfu ya watu. Haikuwapa hayo kwa kuwaita ndugu. Iliona kuwa fundi aliyelala hufanya makosa machache.

Basi ninachodai ni kidogo. Madaraja ya mishahara na yaandikwe, kila mtu ajue alipo na anapokwenda. Usiku wa zamu na uhesabiwe na kulipwa. Hisa na zielezwe kwa lugha aifahamuye apewaye, kabla hajatia sahihi. Wanagenzi na wafundishwe, na afundishaye ahesabiwe kuwa amefanya kazi. Na wafanyakazi wa programu wasione haya kuungana katika chama, kama walivyoungana makuli wa bandarini na watu wa reli kabla yao. Kalamu na kompyuta hazimtoi mtu katika safu ya watumishi.

Wengi katika ninyi mnaosoma haya mtapokewa mlangoni siku moja kwa neno lile tamu. Msilikatae kwa ukali, maana alisemaye pengine analiamini, kama nilivyoliamini mimi. Ombeni tu kuuona mkataba, mkausome mpaka mwisho. Na yule kijana wa usiku kumi na moja, kama makala haya yatamfikia, na ajue kuwa alikuwa na haki ya kuuliza, na kuwa aliyemjibu hakuwa na haki ya kumwita ndugu.