Trela Nalo Hupata Homa

Leo nina kasheshe ya trela. Tulikuwa tunakwenda kupiga kambi Mikumi, anko akiendesha, sisi tukiimba. Kupita Chalinze tu, harufu ya kuungua! Beringi ya gurudumu la kushoto imekauka grisi, habu inatoa moshi. Nusura gurudumu lichomoke, jamani.

Tangu siku hiyo, kila tukisimama nasogeza kiganja karibu na habu zote mbili. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, safari hatuendelei. Grisi tunabadilisha kila mwaka, hata kama trela lilikuwa limelala uani tu. Beringi ya akiba haikosi.

Na jiko la mkaa usilale nalo ndani: hewa yake yenye sumu haina harufu, inaua. Tuonane wiki ijayo!