Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Rufaa zetu hupanda tu, ziteremke pia

Mheshimiwa Waziri,



YAH: HUDUMA KWA WALIOPASULIWA GOTI WAKISHARUHUSIWA HOSPITALI

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa mkoa wa Tanga, na ni mmoja wa Watanzania waliobadilishiwa goti hapa hapa nchini. Naanza kwa shukrani, maana zipo za kutoa. Zamani mtu ambaye goti lake limelika alikuwa na njia mbili: awe na uwezo wa kwenda India, au akae na maumivu yake mpaka Mungu amchukue. Leo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, inaweka magoti na nyonga bandia, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma nayo inafanya kazi hiyo. Madaktari bingwa wetu wanaijua kazi yao. Sina ugomvi na kisu.

Shida inaanzia mlangoni pa wodi, siku mgonjwa anapoambiwa, "Umeruhusiwa, nenda nyumbani." Upasuaji wa kubadilisha goti huchukua saa moja hadi mbili. Kulazwa ni siku chache. Kupona ni miezi, na kwa wengine hukaribia mwaka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tiba hufanyika chumbani kwa mgonjwa, hakuna daktari wala muuguzi, yupo ndugu tu ambaye hakuelekezwa lolote. Hospitali imeshamaliza kazi yake, zahanati ya kijijini haina habari, na bima imeshafunga jalada. Miezi hiyo haina mwenyewe. Ninachokuomba, Mheshimiwa, ni kwamba Wizara iihesabu miezi hiyo kuwa sehemu ya upasuaji na iipe mwenyewe.

Niruhusu nieleze kwa nini, nikianza na uvimbe, kwa sababu ndio unaotutisha kuliko vyote.

Goti lililopasuliwa huvimba. Si kosa la daktari wala si husuda ya jirani. Mfupa umekatwa, nyama zimefunguliwa, damu na maji vimekusanyika ndani ya kiungo. Uvimbe huwa mkubwa katika siku na wiki za mwanzo, kisha hushuka polepole, na ule mdogo unaweza kubaki kwa miezi mitatu hadi sita. Damu iliyovilia huteremka mpaka kwenye kifundo cha mguu, ngozi ikawa nyeusi mahali ambapo kisu hakikugusa. Goti hubaki na joto kuliko lenzake kwa muda mrefu. Mtu aliyeambiwa mapema hulala usingizi wake. Asiyeambiwa huamini kwamba goti limeoza, akaanza kutafuta dawa za mitaani.

Lakini uvimbe wenyewe si wa kupuuzwa, na hapa ndipo penye kiini cha barua hii. Mbele ya paja kuna msuli mkubwa unaonyoosha goti na kumwinua mtu kitini. Kiungo kinapojaa maji, mishipa ya fahamu iliyomo hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, na msuli ule huzuiwa kufanya kazi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1984, watu wenye magoti mazima walichomwa maji ya chumvi ndani ya kiungo. Ilionekana kwamba mililita 20 hadi 30 tu, yaani kama vijiko viwili vya mezani, zilitosha kuulegeza upande wa ndani wa msuli huo. Goti la mgonjwa wa upasuaji hubeba zaidi ya hapo. Ndiyo maana anauamuru mguu unyanyuke nao haunyanyuki, huku ndugu wakinong'ona kwamba mzee amekuwa mvivu au anadeka.

Mambo yanayofuata huja kwa mpangilio. Msuli usiofanya kazi hunywea. Goti lisilonyooshwa hadi mwisho hubaki limepinda, na mtu huchechemea. Makovu hukaza ndani ya kiungo. Kutembea tambarare kunahitaji goti likunjike digrii 65 hivi, kupanda ngazi kunahitaji zaidi ya 80, na kuinuka kwenye kiti kifupi huvuka 100. Aliyekwama kwenye 60 hatapanda daladala bila kushikwa mkono. Itabidi arudishwe hospitali, apewe dawa ya usingizi, daktari alikunje goti kwa nguvu, na kazi hiyo huzaa matunda zaidi ikifanyika ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Akichelewa, huenda akafunguliwa tena. Gharama inajirudia kwa mgonjwa yuleyule na goti lilelile.

Sasa tuingie nyumbani. Kwetu mgonjwa hukandwa. Mama aliyejifungua hukandwa, aliyeteguka hukandwa, na aliyepasuliwa goti anapofika hukuta sufuria la maji ya moto liko jikoni na shangazi amekwisha kunja mikono ya gauni. Nia ni njema kabisa. Lakini joto katika siku za mwanzo huvuta damu zaidi kwenye goti na kuongeza uvimbe, maji huloanisha kidonda kisichofunga, na kuchua shavu la mguu ambalo ndani yake damu imeganda kunaweza kulibandua bonge hilo likasafiri hadi mapafuni. Kisha unaletwa mto, unawekwa chini ya goti. Mgonjwa anapata nafuu, usingizi unamchukua, na goti linazoea kukaa limekunjika. Mto ule ulipaswa kuwekwa chini ya kisigino.

Njia sahihi haihitaji mashine. Mgonjwa alale chali, mguu uinuliwe juu kuliko moyo. Barafu izungushiwe kitambaa, iwekwe gotini kwa dakika 15 hadi 20, iondolewe, irudiwe mara kadhaa kwa siku. Barafu yenyewe ni ile ya mfuko inayouzwa mtaani kwenye nyumba yenye friji. Kama daktari ameagiza bandeji ya kubana, ianzie chini ikipanda juu, na vidole visife ganzi. Nyayo zichezwe juu na chini kila mara ili misuli ya shavu la mguu isukume damu. Goti likandamizwe kwenye godoro, kisigino kiburutwe kuelekea makalioni, mguu ulionyooka uinuliwe. Aliyekuwa akiswali kwa kusujudu ahamie kwenye kiti mpaka daktari aseme vinginevyo, na penye choo cha kuchuchumaa patafutwe kiti cha choo au kigoda kilichotobolewa, kwa kuwa kuchuchumaa hudai zaidi ya digrii 130, ambazo goti bandia aghalabu halifiki.

Wapo wanaoponzwa na haraka. Mtu anaona maumivu yamepungua, anaacha magongo, anakwenda gulioni kwa miguu, na jioni goti limekuwa kama boga. Mazoezi ni dawa, na dawa ina kipimo. Kipimo chake ni uvimbe wa kesho yake asubuhi. Tepu ya fundi cherehani ikizungushwa katikati ya goti kila asubuhi, saa ileile, inasema mengi: goti likiwa nene kuliko jana na maumivu yamepanda, punguza, likiwa vilevile au limesinyaa, endelea. Lakini ni nani aliyemwambia mgonjwa wa Kilindi au Handeni jambo hili? Badala yake anatuma mtoto duka la dawa akanunue diklofenaki, naye huenda ana vidonda vya tumbo, figo zilizochoka, au anakunywa dawa ya kuzuia damu kuganda ambayo haipatani na vidonge hivyo.

Kuna pia uvimbe usio wa kusubiri. Shavu la mguu likivimba na kuuma kwa ghafla, kifua kikibana au pumzi ikikatika, homa ikipanda, kidonda kikitoa usaha au wekundu ukizidi kutambaa, mgonjwa aende hospitali saa hiyohiyo. Kuutofautisha uvimbe wa kawaida na huu kunaokoa maisha, na mtu wa kawaida anaweza kufundishwa katika mazungumzo ya dakika kumi.

Dakika hizo kumi ndizo zinazokosekana. Karatasi niliyotoka nayo hospitali iliandikwa kwa Kiingereza, na habari ya mazoezi ilichukua mstari mmoja. Nimefundisha darasani maisha yangu yote, nikaweza kuisoma. Kitandani jirani alikuwapo mkulima aliyeikunja akaitia mfukoni pamoja na risiti. Safari ya kurudi nayo ni sehemu ya tiba: saa nyingi ndani ya basi, mguu umening'inia, hakuna aliyetuambia tuombe kiti cha mbele, tusimame kila basi linaposimama, au tucheze nyayo njiani.

Usidhani, Mheshimiwa, kwamba haya ni ya wazee peke yetu. Vijana wa bodaboda wanavunjika magoti kila uchao, na wachezaji wa soka la ndondo wanakatika kano uwanjani. Hao wana miaka thelathini au arobaini ya kazi mbele yao. Dunia nayo imeliona jambo hili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 2.4 wana hali za kiafya ambazo zingenufaika na huduma za utengamao, yaani za kumrudishia mgonjwa uwezo wa kufanya shughuli zake, na Mei 2023 Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio la kuziimarisha ndani ya mifumo ya afya ya nchi wanachama. Tanzania ni mwanachama.

Naomba mambo manne.

Kwanza, karatasi moja ya Kiswahili yenye michoro, iliyotolewa na Wizara, kwa kila anayepasuliwa goti. Ieleze uvimbe, barafu, mto, mazoezi, safari na dalili za hatari. Isomwe kwa sauti mbele ya mgonjwa na ndugu atakayemuuguza, kabla hajaruhusiwa. Na huyo ndugu ayafanye mazoezi yale kwa mikono yake palepale wodini, maana la kuambiwa husahaulika njiani.

Pili, namba ya simu ya wodi inayopokelewa na muuguzi, na simu moja ya hospitali kwenda kwa mgonjwa ndani ya wiki ya kwanza. Maswali yetu mengi hayahitaji nauli ya Dar es Salaam, yanahitaji jibu.

Tatu, rufaa zetu hupanda tu, kutoka zahanati hadi taifa. Ziteremke pia. Hospitali iliyopasua iandikie hospitali ya wilaya ya mgonjwa: fulani anarudi kwenu, goti lake linakunjika kiasi hiki, tunategemea lifike hapa baada ya wiki sita. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ikilenga kuwafikisha zaidi ya 137,000. Kazi ya wahudumu hao ni kutembelea kaya. Wakifundishwa dalili za hatari za mguu uliopasuliwa, watatufikia mahali ambapo daktari bingwa hatafika.

Nne, wataalamu wa fiziotherapia waajiriwe hadi hospitali za halmashauri, kila moja iwe nao. Hospitali ya KCMC ya Moshi imekuwa ikiwafundisha kwa miongo kadhaa, kwa hiyo si taaluma ngeni. Na katika kutekeleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, kitita cha mafao kihesabu upasuaji wa goti na mazoezi yake kuwa huduma moja. Atakayelipiwa kisu alipiwe na mazoezi, na awe huru kuyafuata karibu na kwake.

Najua utakachoambiwa mezani: fedha hazitoshi, kuna wajawazito, kuna watoto, kuna malaria. Ni kweli, na sisi wa magoti hatuombi kuwapita. Lakini fedha za goti zimekwisha kutumika. Kiungo bandia kimenunuliwa kwa fedha za kigeni, chumba cha upasuaji kimetumika, daktari bingwa amesomeshwa miaka na miaka. Kuacha yote hayo yapotee kwa kukosa karatasi, simu na mtaalamu mmoja wilayani ni sawa na kununua trekta na kuikosesha dizeli. Anayebaki na goti gumu hurudi kuwa mzigo kwa binti aliyeacha biashara ili amuuguze, na hasara hiyo haionekani kwenye hesabu za hospitali yoyote.

Madai ya pili hadi ya nne yatachukua muda, nami nimefanya kazi serikalini vya kutosha kulijua hilo. La kwanza halihitaji bajeti mpya wala sheria mpya. Wataalamu wa MOI, KCMC na Hospitali ya Bugando wakikaa pamoja wanaweza kuiandika karatasi hiyo, na waraka wako kwa waganga wakuu wa mikoa unaweza kuifanya iwe lazima nchi nzima. Naomba, Mheshimiwa Waziri, uutie sahihi waraka huo mwaka huu wa fedha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Tanga.