Msitu si Kiwanja

Wapo wasemao kwamba msitu ulio kando ya mji ni ardhi iliyolala bure. Usemi huo umevaa joho la maendeleo, lakini chini ya joho mna tamaa. Ardhi yenye miti hailali. Aliyelala ni yule aitazamaye asiione.

Karura, kaskazini ya Nairobi, ni ushahidi. Msitu huo wa hekta zipatazo 1,000 ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932. Katika miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa watu binafsi, umma usiulizwe. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walifika langoni kupanda mti. Walinzi wa kukodiwa wakawapiga, naye akajeruhiwa kichwani. Mche mmoja uliwatisha kuliko jeshi, kwa kuwa ulisema ardhi ile ina mwenyewe.

Yadaiwa kwamba watu wana haja ya nyumba. Haja hiyo ni ya kweli, ila viwanja vile vilikusudiwa majumba ya fahari, si makazi ya wanaolala vibandani. Kumtaja maskini ili tajiri ale ni dhuluma juu ya dhuluma.

Yadaiwa tena kwamba Karura si msitu wa kale, kwani sehemu kubwa ilipandwa mikalitusi. Hiyo ni nusu ya kweli. Mihugu na mizeituni mwitu ingalimo, na kosa la jana la kuwaondoa wenyeji ili kupanda wageni haliwi hoja ya kufyeka wote leo. Nyumba husimama kwa mwaka mmoja. Mhugu hudai umri wa vizazi.

Leo mgeni hulipa kiingilio, hutembea na wanawe hadi kwenye maporomoko na mapango, akarejea mjini moyo umeburudika. Hapana ubaya katika hayo. Ubaya ni kudhani kwamba kiingilio ndicho kilichonunua kivuli. Kivuli kilikwisha kulipiwa pale langoni, kwa damu. Anayekifaidi bila kujua bei yake hatakuwapo siku kitakaponadiwa tena. Na siku hiyo huja, kwa maana tamaa haizeeki.

Mlinzi wa msitu si ukuta wala hati peke yake, bali ni raia mwenye kumbukumbu. Mji usioweza kuziacha hekta 1,000 bila kuzila, hautashiba hata ukipewa 10,000.