Usinunue sola kwa hesabu ya wastani

Leo tuache kidogo mambo ya intaneti tuzungumzie umeme, hasa sisi wa Mbita na visiwani.

Kati ya 2012 na 2015 mradi wa SolarMal uliweka sola katika nyumba za Rusinga: taa, chaji ya simu na mtego wa mbu. Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2016 yalionyesha malaria ilikuwa chini kwa takribani asilimia 30. Lakini mtego ukizimika usiku, mbu hawangoji jua. Je, betri iwe kubwa kiasi gani?

Mafundi wengi hupiga wastani. Tuchukue mfano: nyumba inatumia wati-saa 100 kwa siku. Siku ya jua paneli inatoa 130, ya mawingu 40, na kati ya siku 10, 3 ni za mawingu. Wastani ni 103. Umeme unatosha! Sasa weka betri ya wati-saa 100 iliyojaa. Siku ya kwanza ya mawingu inakuachia 40. Ya pili ikifuata, giza. Na kila siku ya jua inarudisha 30 tu. Wastani hauoni mpangilio wa siku.

Ndiyo maana nasema turushe dadu. Kompyuta ichague hali ya hewa kwa nasibu, siku baada ya siku, mwaka mzima, irudie mara 10,000 na kuhesabu usiku wa giza. Jaribu betri ya 100, 200 na 300 kwa hali ya hewa ileile, kisha chagua ya bei nafuu inayokufaa. Mbinu hii, Monte Carlo, Stanislaw Ulam aliifikiria mwaka 1946 akicheza karata peke yake baada ya kuugua.

Wapo watakaosema kubahatisha si uhandisi. Hapana, kosa lake linapimika: ukitaka lipungue kwa nusu, ongeza majaribio mara nne. Hatari iko kwenye dadu yenyewe. Mawingu huja kwa mfululizo, kwa hiyo chota wiki nzima nzima kutoka kwenye rekodi za kweli.

Maoni yangu: muuzaji asitutajie wati tu. Aseme ni mara ngapi kwa mwaka tutalala gizani. Sebuleni ni usumbufu. Kwa mvuvi wa omena ni riziki ya siku. Kwa friji ya chanjo, hata mara moja ni nyingi mno.